Magugu ya dampo: jinsi ya kuyasoma, kuyapima na kuyatumia kurudishia ardhi uhai

Dampo likifungwa na kuachwa, misimu miwili ya mvua inatosha kulivisha kijani. Ukoka hutambaa kutoka kingoni, mbarika huchomoza penye majivu, mchicha wa miiba na kishona nguo hujaza palipobaki. Hakuna aliyevipanda, na thamani yake iko hapo hapo: mmea uliofika wenyewe na ukatoa mbegu umeshapita mtihani wa chumvi, joto, gesi na metali nzito. Miche mingi ya kitalu huanguka mtihani huo ndani ya mwezi mmoja.

Lakini ujani si usafi. Mmea unaweza kustawi juu ya udongo wenye metali ya risasi kwa njia mbili zinazopingana: ama umeizuia mizizini, ama umeipandisha mpaka majanini. Kwa macho mimea hiyo inafanana. Kwa mbuzi atakayeila, haifanani hata kidogo. Kazi ya kwanza ni kuitenganisha, kupanda kunafuata.

Kabla ya kukanyaga

Vaa buti zenye soli isiyotobolewa na msumari, glavu nene, na barakoa siku za vumbi. Hakikisha chanjo ya pepopunda haijapitwa na muda. Taka zinazooza chini hutoa gesi ambayo karibu nusu yake ni methani na iliyobaki karibu yote ni kabonidioksidi. Methani ikifika asilimia 5 hadi 15 ya hewa hulipuka kwa cheche moja, kwa hiyo hakuna sigara wala kuchoma magugu. Usiinamishe kichwa ndani ya shimo. Toa udongo, uukague ukiwa nje penye upepo.

Kama dampo lilifunikwa kitaalamu kwa tabaka la udongo wa mfinyanzi au karatasi ya plastiki, tafuta michoro ujue tabaka hilo liko kina gani, kisha jembe lisiliguse. Ukilitoboa, mvua inaingia kwenye taka na gesi inapata mlango.

Kusoma uoto

Siku ya kwanza usipime chochote. Tembea dampo lote ukichora ramani ya kanda zake: juu palipo tambarare, miteremko, palipochomwa taka, chini kabisa ambako maji machafu yanachuruzika kutoka kwenye taka, na vipara, yaani vipande visivyoota kitu. Tafuta pia eneo la kulinganishia nje ya dampo: udongo wa aina ileile, upande wa juu, mahali ambapo maji ya dampo hayafiki na vumbi lake halivumi. Usipokuwa na eneo hilo, namba zako zote zitaelea hewani.

Katika kila kanda weka fremu za mraba zisizopungua 10: mita 1 kwa 1 kwa nyasi na magugu, mita 5 kwa 5 kwa vichaka, mita 10 kwa 10 kwa miti. Usizichagulie mahali kwa macho, kwa kuwa macho hupenda penye mimea mizuri. Panga idadi ya hatua tangu mwanzo, tuseme 20, na fremu iwekwe pale hatua zinapoishia hata kama ni juu ya kipara. Andika spishi, idadi ya mimea, asilimia ya ardhi iliyofunikwa, na kama mmea umechanua au umetoa mbegu. Spishi iliyoonekana katika fremu 7 kati ya 10 ina marudio ya asilimia 70. Rudia zoezi mara mbili, mwisho wa mvua na katikati ya kiangazi. Gugu linalotokea mwezi mmoja na kutoweka haliwezi kushika mteremko, hata likiwa zuri kiasi gani maabara.

Usitegemee majina ya mtaani. Jina "mchicha" peke yake hubeba spishi kadhaa, na ufyonzaji wake wa metali hautoshani. Bana tawi lenye ua na mbegu kati ya magazeti, ulipeleke kwa wataalamu wa utambuzi wa mimea.

Vipara navyo visomwe. Mara nyingi vinasema mengi kuliko majani. Chimba kishimo cha sentimita 30 pembeni mwa kipara, pale mimea inapoishia. Udongo mweusi au wa kijivu wenye harufu ya mayai viza ni dalili kwamba gesi imeifukuza oksijeni. Mizizi ya mimea ya jirani utaikuta mifupi, imelala kando badala ya kushuka, na ncha zake zimekuwa nyeusi. Udongo wenyewe mara nyingi una joto kuliko wa hatua tano mbele. Unga mweupe juu ya ardhi ni chumvi iliyoletwa na maji ya taka. Na ikiwa rangi ni ya kawaida na hakuna harufu, lakini nondo ya milimita 10 uliyoikandamiza kwa uzito wa mwili inagoma kwenye sentimita 15, basi ardhi imeshindiliwa na magari. Dawa ya hapo ni jembe uma.

Watu hulaumu metali nzito kwa kila kipara. Kwenye dampo la taka za majumbani, wauaji wa kawaida ni gesi, chumvi, ukame na ugumu wa ardhi. Metali mara nyingi imekaa kimya ndani ya mimea iliyo hai.

Kuchukua sampuli

Chagua spishi 5 hadi 8 zilizoongoza kwa marudio na kwa kufunika ardhi. Kwa kila spishi katika kila kanda, ng'oa mimea 5 hadi 10 iliyokomaa pamoja na mizizi. Chukua udongo uleule uliokuwa umeshikana na mizizi, kina cha sentimita 0 hadi 20, uuchanganye mpaka upate nusu kilo hadi kilo moja. Tumia mwiko wa chuma cha pua au plastiki ngumu. Koleo lililopakwa zinki litaongeza zinki kwenye sampuli, na rangi kuukuu inaweza kuleta risasi ambayo haikuwapo. Mimea iwekwe kwenye mifuko ya karatasi, maana ndani ya plastiki huoza upesi. Lebo ziandikwe kwa penseli.

Kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii ni vumbi. Jani lenye filamu nyembamba ya udongo litaonyesha risasi ambayo mmea haukuifyonza kamwe, na taarifa nyingi za mimea inayodaiwa "kunyonya risasi" zina mashaka ya namna hiyo. Kwa hiyo:

1. Tenga mizizi na sehemu za juu siku hiyohiyo.
2. Osha kwa maji ya bomba mpaka yatoke bila tope; mizizi isuguliwe kwa brashi laini.
3. Suuza mara tatu kwa maji yaliyotoneshwa.
4. Kausha kwenye oveni kwa nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi kwa saa 48, au mpaka uzito usibadilike tena.
5. Saga kwa kinu cha kauri, si cha chuma.

Udongo ukaushwe kivulini na uchekechwe kwa chekeche ya milimita 2. Pima pH, yaani kiwango cha asidi ya udongo, ukichanganya sehemu 1 ya udongo na 2.5 za maji. Chumvi pima kwa sehemu 1 na 5. Maabara iombwe risasi, kadimiamu, zinki, shaba, nikeli, kromiamu na aseniki, kwa udongo na kwa mimea. Kwa mimea ongeza titani. Mimea haina haja nayo na haiifyonzi sana, ilhali udongo umejaa. Majani yakija na titani nyingi, hukuyaosha vizuri, na namba zake za risasi zitupwe. Katika kila sampuli 10, moja ipelekwe mara mbili kwa majina tofauti. Majibu ya pacha hao yakiachana sana, uliza kabla ya kuamini mengine.

Hesabu mbili, kisha ya tatu

Kipimo cha ufyonzaji ni metali iliyo mizizini ukigawa kwa iliyo udongoni. Kipimo cha upandishaji ni metali ya sehemu za juu ukigawa kwa ya mizizini.

Tuseme ukoka umeotea udongo wenye risasi miligramu 400 kwa kilo. Mizizi ina 480 na majani 60. Ufyonzaji ni 1.2, upandishaji ni 0.125. Huo ni mmea mshikaji: unaikamata metali chini na kuiacha huko. Tuseme mmea wa pili umeotea kadimiamu 4, mizizi ina 5 na majani 12. Ufyonzaji 1.25, upandishaji 2.4. Huo ni mpandishaji. Mimea mingi, hasa kwa risasi, itakupa namba chini ya 1 kote kuwili. Hiyo inajikinga, nayo inafaa sana kufunika ardhi.

Jihadhari na mtego mmoja. Kwenye udongo karibu safi, wenye kadimiamu 0.2, mizizi yenye 0.5 itakupa ufyonzaji wa 2.5 na mmea utaonekana bingwa, wakati haujabeba kitu. Linganisha uwiano pamoja na kiasi chenyewe. Mmea huitwa mlimbikizaji wa kweli pale majani makavu, katika mazingira yake ya asili, yanapofikisha miligramu 100 kwa kilo za kadimiamu, 1,000 za nikeli, risasi au aseniki, au 3,000 za zinki. Wachache wanafika. Jimbi aina ya Pteris vittata, ambalo uwezo wake ulitangazwa mwaka 2001, hufika kwa aseniki. Noccaea caerulescens hufika kwa zinki na kadimiamu, lakini ni kijimmea kidogo cha nchi za baridi chenye uzito haba.

Hesabu ya tatu ndiyo inayoamua mradi. Hekta moja kwa kina cha sentimita 20 ni mita za ujazo 2,000. Kwa msongamano wa tani 1.3 kwa mita ya ujazo, hiyo ni tani 2,600 za udongo. Kuishusha risasi kutoka 400 hadi 200 maana yake ni kuondoa gramu 200 kwa kila tani, jumla kilo 520. Ukoka wetu wenye miligramu 60 majanini, ukivunwa tani 10 kavu kwa mwaka, unaondoa gramu 600. Utavuna kwa zaidi ya miaka 860. Kadimiamu ina nafuu kidogo: kutoka 4 hadi 2 ni kilo 5.2, na mpandishaji wetu akitoa tani 8 kwa mwaka anaondoa gramu 96, yaani miaka 54.

Fanya hesabu hii kwa namba zako mwenyewe kabla ya kumwahidi mtu yeyote kwamba mimea "itasafisha" dampo. Kwa madampo mengi jibu ni kufunika na kushikilia: vumbi lisipeperuke, mvua isibebe udongo, metali ibaki mizizini. Wapo wanaopendekeza kumwagia EDTA, kemikali inayoshikana na metali, ili risasi iyeyuke na mmea uifyonze kwa haraka. Inayeyuka kweli, na sehemu kubwa inashuka na mvua kuelekea maji ya chini ya ardhi. Kwenye dampo usithubutu.

Nani abaki, nani aondoke

Ukoka (Cynodon dactylon) ni uti wa mgongo wa kazi hii. Unavumilia chumvi, ukame na kukanyagwa, na huenea kwa matambazi, yaani mashina yanayotambaa ardhini, bila kungoja mbegu. Udhaifu wake ni kivuli: panda miti juu yake na miaka michache baadaye ardhi iko wazi tena. Kwenye miteremko usaidiwe na mistari ya vetiva (Chrysopogon zizanioides) ya aina isiyozaa mbegu hai. Mizizi yake hushuka zaidi ya mita 3 penye udongo laini. Chini penye maji yanayochuruzika waachie matete (Phragmites australis) na Typha, mmea mwingine mrefu wa majini, ambao hupeleka hewa mizizini kupitia mashina na kustahimili tope lisilo na oksijeni. Mbarika (Ricinus communis) hufaa penye majivu, ila mbegu zake ni sumu kali. Pasipo uzio, usiusambaze.

Mimea ya jamii ya kunde inayoota yenyewe hapo ihesabiwe kama dhahabu, maana udongo wa dampo mara nyingi una upungufu wa naitrojeni inayofaa. Lakini hakikisha inafanya kazi: ng'oa mmea mmoja taratibu, pasua kinundu cha mzizi kwa ukucha. Ndani kukiwa na rangi ya waridi, bakteria wanatega naitrojeni. Kukiwa na weupe au ukijani, au vinundu havipo kabisa, bakteria hao wamelemewa na metali au hawajawahi kufika. Huo ni mmea wa kawaida tu.

Mvuti au Lantana camara, gugu karoti na alizeti pori huenda vikapata alama nzuri kwenye vipimo vyako. Usivipeleke mahali vilipo vigeni, kwa sababu havitabaki dampo. Vilivyopo vikatwe kabla ya kutoa mbegu, kipande kwa kipande, mbadala ukishashika. Ukiving'oa vyote siku moja unaufungulia mmomonyoko. Gugu karoti lishikwe kwa glavu na mikono mirefu, huwasha ngozi.

Mchicha na mnavu ni suala la pekee kwa kuwa watu huvichuma. Mnavu (Solanum nigrum) umeripotiwa kulimbikiza kadimiamu nyingi, na majani yake hayanyauki wala kubadilika rangi kukuonya. Viwango vya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa mboga za majani ni miligramu 0.3 za risasi na 0.2 za kadimiamu kwa kilo ya mboga mbichi, na kuchemsha hakuiondoi metali iliyo ndani ya jani. Kumbuka majibu ya maabara ni ya uzito mkavu: mboga yenye maji asilimia 90 igawe kwa 10 kwanza, ndipo ulinganishe. Mimea hii iondolewe karibu na njia, na bango liwekwe.

Mbegu za dampo lenyewe

Kusanya mbegu na matambazi kutoka dampo hilohilo. Mwanaikolojia Anthony Bradshaw na wenzake nchini Uingereza walionyesha kwamba nyasi za kwenye vifusi vya migodi hujichuja ndani ya vizazi vichache na kuwa na ustahimilivu ambao ndugu zao wa shamba la jirani hawana. Kutokana na kazi hiyo zikapatikana aina za kupanda kama Merlin ya nyasi Festuca rubra, kwa vifusi vyenye risasi na zinki. Chuma kutoka mimea isiyopungua 30 iliyotawanyika, si kutoka shada moja. Chota na udongo wa chini yake: gramu 200 kwa kila shimo la mche huleta fangasi wa mizizi waliokwisha zoea mazingira.

Jaribu kwanza kwenye ndoo za lita 2 zilizotobolewa chini: udongo wa dampo mtupu, wa dampo uliochanganywa na mboji robo, na ule wa eneo la kulinganishia. Ndoo 4 kwa kila aina, mbegu 20 kila ndoo. Hesabu zilizoota siku ya 7 na ya 14. Siku ya 28 ng'oa, osha, pima urefu wa mizizi. Sumu ya metali hufupisha mizizi mapema, wakati majani bado yanapendeza.

Kupanda

Tifua ardhi ikiwa kavu kiasi, sentimita 30 kwenda chini. Ikiwa mbichi utaishindilia upya. Tandaza mboji sentimita 5, sawa na lita 50 kwa mita ya mraba, uichanganye na sentimita 15 za juu. Mboji hushika risasi na shaba, lakini penye aseniki nyingi inaweza kuilegeza, na mbolea ya fosfati pia. Huko ijaribiwe kwanza ndooni.

Chokaa hutiwa pale tu pH iko chini ya 6. Inapunguza kadimiamu, zinki na nikeli zinazofyonzwa, ila aseniki huachiliwa zaidi pH ikipanda. Madampo mengi yenye vifusi vya saruji na majivu tayari yako juu ya 7.5, kuongeza chokaa hapo ni kuwanyima mimea chuma na fosforasi.

Panda mvua zinapoanza kushika. Matambazi ya ukoka yakatwe yenye pingili 3 hadi 4, pingili 2 zifukiwe na ncha ibaki nje, nafasi sentimita 30 kila upande. Vetiva ipandwe kwa kufuata kontua, yaani mstari wa usawa unaokata mteremko, sentimita 10 hadi 15 kati ya shina na shina, na mstari kwa mstari ushuke mita 1 penye mteremko mkali, mita 2 penye mteremko wa wastani. Usiache pengo, maana maji yote hukimbilia hapo na kuchimba korongo. Mbegu ngumu za jamii ya kunde zimwagiwe maji yaliyotoka tu kuchemka, ziloweshwe usiku kucha, zipandwe asubuhi. Miti isubiri: inahitaji udongo wa mita 1 hadi 1.5 juu ya tabaka la kufunika, na pasipo na kina hicho upepo utaing'oa.

Mambo yakiharibika

Mimea ikifa kwa duara linalopanuka, tafuta gesi. Kupanda tena hapo ni hasara mpaka wahusika watengeneze njia ya kuitoa. Ikidumaa na majani kuungua ncha, pima chumvi. Majani machanga yakiwa ya njano huku vishipa vikibaki kijani, chuma hakifyonzwi kwa sababu ya pH kubwa au zinki na nikeli kuzidi. Majani ya zambarau ni njaa ya fosforasi. Bwawa likijitokeza mahali palipokuwa tambarare, taka zimetitia. Jaza udongo, rudisha mteremko, kisha upande.

Mabua ya mimea washikaji, maabara ikishathibitisha kuwa metali zake ni kidogo, yabaki kama matandazo. Ya wapandishaji hayaingii kwenye mboji, hayalishwi mifugo, hayachomwi hadharani, kwani metali hurudi kwa moshi na majivu. Yakaushwe juu ya turubai, yapimwe uzito, yapelekwe kituo chenye kibali cha taka hatarishi. Pasipo na kituo cha namna hiyo, usipande wapandishaji.

Piga vigingi kwenye pembe za fremu zako za kwanza, uzirudie kila mwaka majira yaleyale. Mwaka wa pili mimea ikiwa haijafunika asilimia 70 ya ardhi, usingoje wa tatu. Rudi kwenye vishimo vya sentimita 30 uanze kusoma upya.